Galaksi yenye umbo la X

Wengi wakisikia shimo jeusi hukumbuka picha ya ile pete ya mwanga inayolizunguka shimo la galaksi ya M87, iliyotangazwa mwaka 2019. Mimi naipenda zaidi picha ya galaksi ya PKS 2014-55, iliyotolewa mwaka uliofuata na MeerKAT, zile darubini 64 za redio zilizoko kwenye nyika kame ya Karoo, Afrika Kusini. Galaksi yenyewe ni kidoa tu katikati. Kilichoijaza picha ni X kubwa ya mawimbi ya redio, yenye urefu wa kama miaka ya nuru milioni 5.

Nikiwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha nne na kuwaambia kwamba X hiyo imerushwa na shimo jeusi lililo kitovuni mwa galaksi, swali huja papo hapo: "Mwalimu, shimo jeusi si linameza kila kitu?"

Linameza, lakini si kila kinacholikaribia. Gesi hulizunguka kwanza, hupata joto kali na kuvuta sumaku yake pamoja nayo. Sehemu yake hurushwa nje kwa mikondo miwili, mmoja huku na mwingine kule, kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Elektroni zilizomo zikipindishwa na sumaku hutoa mawimbi ya redio.

Sasa, mikondo miwili ingepaswa kuchora mstari mmoja. X imetoka wapi?

Wataalamu walibishana miaka mingi. Wapo waliosema shimo liligeuka, pengine baada ya kuungana na jingine, likaanza kurushia upande mpya. MeerKAT ilionyesha kitu kingine. Gesi ikishafika mbali huzuiwa na gesi nyembamba iliyo nje ya galaksi, ikarudi nyuma, ikakutana na gesi inayoizingira galaksi na kukengeuka pembeni, kama maji ya mpira yakigonga ukuta. Kwenye picha unafuata kwa kidole jinsi mabawa, yaani mstari wa pili wa X, yanavyopinda kutoka kwenye mikondo, bila kukatika. Hakuna shimo lililogeuka! Jibu hilo linanifurahisha kila nikilifundisha: shimo hurusha, lakini mazingira nayo yana sauti yake katika umbo tunaloliona.

Tena mwaka 1974 Bernie Fanaroff, Mwafrika Kusini, akiwa na Julia Riley, aligawa galaksi za redio, yaani zenye mikondo kama hii, makundi mawili: zinazong'aa karibu na kitovu, na zinazong'aa nchani kama Cygnus A. Miaka mingi baadaye Fanaroff huyohuyo aliongoza mradi uliozaa MeerKAT.

Huku kwetu Dodoma, jioni za Mei, tazama kusini, juu ya Msalaba wa Kusini na kushoto kidogo. Kwa darubini ya mkononi utaiona Centaurus A, galaksi nyingine ya redio, kama ukungu hafifu wa duara. Macho yetu yangeona redio, mawingu yake yangetanda zaidi ya mara 15 ya upana wa mwezi mpevu. Shimo lililoyarusha lina uzito wa kama Jua milioni 55, na kutoka kitovu chake hadi ukingoni ni kama umbali wa Dunia na Jua.