Nalikuwa Kifungoni, Mkanijia: Elias Boudinot na Deni la Wafungwa

Neno la wiki: Mathayo 25:36

Wapendwa katika Bwana, Elias Boudinot wa New Jersey hutajwa kwa vyeo vyake. Alikuwa Rais wa Kongresi, yaani baraza la kutunga sheria la Marekani, kuanzia Novemba 1782 hadi Novemba 1783, akawa mbunge kuanzia 1789 hadi 1795, kisha akasimamia kiwanda cha sarafu cha taifa hadi 1805. Sisi tunaona kazi yake kubwa kuliko zote ni ile ya kabla ya vyeo hivyo, pale George Washington, jemadari wa Wamarekani katika vita vya uhuru dhidi ya Uingereza, alipomkabidhi jukumu la wafungwa wa vita mwaka 1777.

Wakati ule kila upande ulitarajiwa kuwagharamia askari wake waliotekwa. Waingereza walikuwa wanaushikilia mji wa New York, na humo ndimo walimofungwa Wamarekani wengi. Noti za Kongresi hazikununua kitu mjini mle. Muuza mkate alitaka sarafu za dhahabu au za fedha, na Kongresi haikuwa nazo. Walioteseka magerezani walikuwa na watu wengi wa kuwaombea, ila malipo yanayopokelewa sokoni hayakuwapo.

Boudinot alikuwa mwanasheria mwenye mali, akakopa kwa jina lake mwenyewe. Wakala wake mjini alikuwa mwanyumba wake, mfanyabiashara Lewis Pintard. Februari 1778 Boudinot aliingia New York kwa ruhusa ya adui, akakagua magereza na kuwasikiliza maofisa waliotendewa ukatili. Kwa maelezo aliyoyaacha, maofisa 300 walipata suti, askari 1,100 wakapata nguo za kawaida, pamoja na mablanketi na mashati. Juu ya chakula cha Waingereza aliongeza nusu posho ya mkate na nyama ya ng'ombe kila siku, kwa zaidi ya miezi 15. Sehemu ya gharama aliilipa kwa ngano na unga uliopelekwa mjini. Deni likamtisha. Washington akamwahidi kwamba Kongresi isipolipa, wataigawana hasara nusu kwa nusu.

“Amhurumiaye maskini humkopesha BWANA” (Mithali 19:17). Wengi wetu huusoma mstari huu tukifikiria sadaka ya kilichobaki. Boudinot alitoa ambacho hakuwa nacho bado mkononi, bila uhakika wa kurudishiwa.

Bungeni, tarehe 25 Septemba 1789, alitoa hoja kwamba Rais aombwe kutangaza siku ya taifa kumshukuru Mungu. Mbunge Aedanus Burke alipinga kuiga mila za Ulaya. Mbunge mwenzake Thomas Tudor Tucker akasema jambo hilo si la Bunge. Hoja ikapita, na Washington, aliyekuwa Rais sasa, akaitangaza Alhamisi ya Novemba 26. Mwaka uliofuata, Wakweka, Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki, walipoleta maombi dhidi ya biashara ya watumwa na kutukanwa na wabunge wa kusini, Boudinot alisimama kuwatetea.

Mwaka 1816 akawa rais wa kwanza wa Chama cha Biblia cha Marekani, akakichangia dola 10,000. Alifariki mwaka 1821. Katika wosia wake alitenga fedha za kuwanunulia wazee maskini miwani, ili waweze kusoma Maandiko.

Watakaotembelea gereza mwezi huu wasome Mathayo 25:31–46 pamoja kabla ya kwenda. Kisha waulize kwanza kinachokosekana huko, sabuni, blanketi au dawa, ndipo wachange kwa ajili ya hicho.