Wiki tatu nikifurahia jibu lisilo la kweli
Kwa wiki tatu nilitembea kifua mbele nikiamini kwamba programu yangu imepata mahali bora pa kufunga kapasita, vifaa vinavyosaidia kupunguza umeme unaopotea njiani, katika mtandao wa majaribio wa nodi 33 (sehemu zinakoungana nyaya), ule wa kilovolti 12.66 ambao watafiti wengi wa usambazaji wa umeme huutumia kupimia mbinu zao. Kabla ya kufungwa chochote, mtandao huo hupoteza takriban kilowati 203. Mimi nilipata chini ya kilowati 20.

Nilipaswa kushtuka mapema. Kapasita hupunguza mkondo wa nguvu riaktivu tu, yaani ile inayokwenda na kurudi bila kufanya kazi, ilhali mkondo unaobeba nguvu halisi huendelea kuzipasha nyaya joto, hivyo upotevu hauwezi kushuka kiasi hicho.

Kasoro ilikuwa kwenye ukokotoaji wa mtiririko wa umeme, hesabu inayorudiwa hadi namba zitulie: ulipofikia kikomo cha marudio bila kutulia, ulirudisha namba yoyote iliyokuwapo. Mbinu ya kundi la chembe, ambayo programu yangu huitumia kusogeza majibu mengi ya kujaribia (chembe) kuelekea lililo bora, na iliyopendekezwa na James Kennedy na Russell Eberhart mwaka 1995, haijui umeme ni kitu gani; huifuata namba ndogo popote ilipo, na chembe zangu zote zilikimbilia ufa huo kama maji yanavyotafuta bonde.

Sasa kila jibu lisilotulia, au lenye volteji iliyo nje ya mipaka, hupewa adhabu kubwa. Upotevu umepungua kwa karibu theluthi moja, na safari hii nimeukokotoa upya kwa mkono, tawi kwa tawi, kabla ya kumwonyesha msimamizi wangu.