Nilivyoipima ile dawa ya kuchanganya na yurea kwenye mahindi yangu

Huku Mbozi ukifika tu muda wa kukuzia mahindi lazima atokee kijana na pikipiki ana chupa za dawa, unachanganya na yurea kabla ya kuweka shambani halafu anakwambia mzee wangu, nusu mfuko utafanya kazi ya mfuko mzima. Mi sikubishana nae, nilimwambia niachie chupa nikaipime mwenyewe. Maana dawa yenyewe kisayansi sio uongo. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, sasa ukiimwaga juu ya udongo wenye unyevunyevu kuna kimeng'enya humo kwenye udongo na kwenye mabaki ya mabua kinaivunja, inakuwa amonia na sehemu yake inaruka hewani, hasa jua likiwa kali na mvua haiji. Nyingi ya hizi dawa zina kitu kinaitwa NBPT, kinakichelewesha hicho kimeng'enya kwa wiki moja au mbili hivi ili mvua ipate nafasi ya kuizamisha yurea chini.

Nilianza na makopo mawili yenye mfuniko, udongo uleule umeloweshwa kidogo, kijiko cha yurea tupu huku, kijiko cha yurea yenye dawa kule, nikafunika nikaweka pembeni ya jiko. Kuja kufungua, lile la yurea tupu linakupiga pua kama choo cha stendi, la pili kwa mbali sana. Kwahiyo dawa inafanya kazi. Wengi wanaishia hapo wananunua katoni, ila harufu sio gunia, mahindi ndio yanatakiwa kusema.

Sasa shambani hapa ndo pana utamu wake. Ukiweka dawa kwenye shamba lenye mbolea ya kutosha huoni kitu, hata kama dawa imeokoa naitrojeni, kwa sababu mmea ulikuwa umeshashiba, umeokoa chakula cha mtu asiye na njaa. Inabidi uijaribu pale naitrojeni inapopungua. Kwahiyo mi niliweka namna sita: pasipo mbolea ya kukuzia kabisa, nusu ya yurea juu, nusu na dawa juu, nusu tupu imefukiwa kwa jembe, halafu yurea kamili juu na kamili yenye dawa. Mbolea ya kupandia na mbegu ni ileile kote. Kila namna nikairudia sehemu nne za shamba, na nani akae wapi tulipiga kura kwa vikaratasi kwenye kofia, maana shamba langu lina mteremko na kule chini siku zote panastawi, ukiachia mkono wako uchague utakuta umeipendelea ile uliyoilipia hela.

Kila kipande mistari minne ya mita 10, nafasi sentimita 75. Mfuko mmoja wa kilo 50 kwa eka ukiupigia hesabu kwa kipande kama hicho unapata gramu 370 tu, na nusu yake ni 185, kwahiyo kizibo cha soda sahau. Tulipima kwa mzani wa jikoni, kila mstari na kimfuko chake.

Kuvuna tulichukua mistari miwili ya katikati, ya pembeni inaiba mbolea ya jirani. Na hapa kuwa makini jamani, eneo hilo ni mita za mraba 15, kwahiyo kilo moja ukiikosea kwenye mzani ni kilo 270 kwa eka, karibu gunia tatu!! Unyevu nao usiuchukulie poa, kilo 8 za punje zenye unyevu wa asilimia 20 zikishushwa hadi 13.5 zinabaki 7.4, na kipande kilichochelewa kukauka kinaweza kuonekana kimezaa kumbe ni maji. Niliazima kipima unyevu kwa mnunuzi mmoja wa mazao, nikashusha kila kitu hadi 13.5 ndo nikalinganisha.

Msimu wa kwanza mvua kubwa ilishuka usiku uleule tuliokuzia, na dawa haikuonyesha tofauti yoyote ya kueleweka, sio kwenye nusu wala kwenye kamili. Na ni haki yake, mvua ilishafanya kazi yote bure. Msimu uliofuata likaja jua, asubuhi umande mchana joto, ndio hali inayoipoteza yurea. Huo mwaka nusu tupu ya juu ilionekana kwa macho, majani ya chini yalikuwa njano kuanzia nchani ikishuka katikati ya jani kama herufi V, na yenye dawa ikaizidi kwenye sehemu zote nne. Ila haikuifikia yurea kamili hata sehemu moja, kwahiyo ile habari ya nusu mfuko sawa na mfuko mzima kwangu ilikataa. Kwenye kamili na kamili yenye dawa, mara hii inaongoza mara ile, siwezi kukwambia ipo bora.

Kilichonifurahisha ni ile nusu iliyofukiwa. Ilikwenda sambamba na nusu yenye dawa, bila chupa yoyote, udongo wenyewe unaikamata ile amonia. Shida ni vibarua, kufukia eka nzima ni kazi.

Kwa sasa nafukia karibu na nyumbani, na dawa naitumia eka za mbali nikiona mbingu ni nyeupe na siwezi kusubiri. Kule bondeni kwenye kichanga bado sijaridhika, pale naitrojeni haipotei kwa kuruka, inazama na maji ikishakuwa naitreti, na NBPT haizuii hilo, kule unahitaji dawa za kundi la DMPP au DCD zinazowachelewesha bakteria wanaoigeuza. Nimeshachora vipande, natafuta tu pa kuipata kwa ujazo mdogo, mwenye kujua duka anishtue.