Mpira Mmoja kwa Kila Mtoto: Kuwafundisha Soka Watoto wa Miaka 5 hadi 8

Wapange watoto 12 foleni moja mbele ya goli, wapige shuti mmoja mmoja. Kila mmoja akitumia sekunde 20 tangu kupiga hadi mpira kurudishwa, katika dakika 20 kila mtoto atakuwa ameugusa mpira mara 5. Muda wote uliobaki ameutumia kuchezea mchanga, kusukumana na mwenzake na kuuliza kama mazoezi yameisha. Mtoto huyohuyo akiwa na mpira wake miguuni, hizo mara 5 anazimaliza kabla hajavuka hatua kumi. Foleni ndiyo inayoharibu mazoezi mengi ya watoto wadogo, na inasikitisha kwa sababu dawa yake ni rahisi: kila mtoto na mpira wake. Mipira ikipungua, mmoja kwa wawili.

Saizi ya mpira si jambo dogo. Hadi miaka 8 hivi tumia saizi 3, ambayo mzunguko wake ni kama sentimita 58 hadi 60. Saizi 4 ni ya miaka 8 hadi 12. Saizi 5 ya watu wazima ina mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Mpe mtoto wa miaka 6 mpira huo na utamfundisha kuupiga kwa ncha ya kiatu bila wewe kujua, kwa kuwa hiyo ndiyo njia pekee anayoweza kuusogeza. Tabia hiyo ikishaota mizizi, kuing'oa ni kazi ya miezi. Upepo nao usijazwe mno. Bonyeza kwa vidole gumba viwili: mpira uingie kidogo. Ukiwa mgumu kama jiwe unadunda ovyo na kuumiza mguu, na mtoto aliyeumia huanza kuukwepa.

Anza na kukokota. Weka koni nne, mita 15 kwa 15, watoto wote 12 ndani, kila mmoja na mpira wake. Kazi ya kwanza ni kusimamisha mpira kwa unyayo. Unapopaza sauti "Simama!", unyayo uwe juu ya mpira, uzito wa mwili ukiwa kwenye mguu ulio chini. Anayeukanyaga kwa uzito wote atateleza na kuanguka, kwa hiyo waambie wauguse tu, wasiupande. Kisha waukokote kwa miguso midogo, mpira usiende mbali zaidi ya hatua moja. Mara kwa mara inua vidole vyako juu, nao wataje idadi kwa sauti huku wakiendelea kutembea na mpira. Hapo wanalazimika kuinua macho bila wewe kuchoka kusema "tazama mbele".

Kosa utakaloliona zaidi ni kuupiga mpira mbele kisha kuukimbiza. Mara nyingi sababu ni mguu: vidole vimeelekea juu, kwa hiyo ncha ya kiatu inaugonga mpira. Mwonyeshe kuelekeza vidole chini na ndani kidogo, kisigino kikiwa juu, augusie pale karibu na kidole cha mwisho. Kama bado wanakimbiza, punguza uwanja hadi mita 10 kwa 10. Nafasi ikibana, mtoto mwenyewe huona kwamba mpira ulio mbali unagongana na wa wenzake.

Pasi ya upande wa ndani wa mguu ndiyo inayostahili subira kuliko vyote. Mguu wa kusimamia uwe kando ya mpira, umbali wa kiganja kimoja, vidole vyake vikitazama kule pasi inakokwenda, goti likiwa limekunjwa kidogo. Mguu wa kupiga ugeuzwe nje, vidole vivutwe juu kuelekea ugoko, kifundo kikazwe. Piga katikati ya mpira, kisha mguu uendelee mbele kufuata pasi.

Ukijua kusoma mpira, utajua kosa lilipo bila kuutazama mguu. Ukipaa, mguu wa kusimamia umebaki nyuma na kifua kimelala nyuma. Ukienda kando, vidole vya mguu wa kusimamia vinatazama kando. Ukienda polepole na kuyumbayumba, kifundo kimelegea. Hili la mwisho lichunguze kwa karibu: mtoto ainue mguu wa kupiga na kuukaza, nawe sukuma ncha ya kiatu kwa kidole kimoja. Mguu ukiyumba, mwambie "vuta vidole juu", sukuma tena hadi atakapoisikia tofauti. Njia nyingine ni kuupaka mpira chaki. Baada ya pasi, akitazama kiatu chake, alama iwe upande wa ndani, kati ya kifundo na shina la kidole gumba. Ikiwa iko kwenye ncha, hahitaji maelezo, ameiona mwenyewe.

Wapange wawiliwawili, mita 4 kati yao, na katikati weka koni mbili zilizoachana mita 1. Wahesabu pasi ngapi zinapita katikati ya koni kwa dakika moja. Wakifika 10 bila shida, rudi hatua moja nyuma kila upande. Usiwaache mbali mapema, maana mtoto akitaka nguvu ambayo hana, hurudi kwenye ncha ya kiatu.

Anayepokea asisubiri mguu ukiwa ardhini. Auinue kiasi cha nusu ya urefu wa mpira, aupeleke mbele kidogo kuulaki, na mpira unapougusa aurudishe mguu nyuma. Ukiinuliwa mno, mpira unapita chini yake; ukikazwa kama ukuta, unadunda mita tatu. Akishaweza kuutuliza, mguso wa kwanza uusogeze kando kidogo, ili mguu wa pili uje kupiga bila kurekebisha tena.

Shuti la mgongo wa mguu linaweza kusubiri hadi pasi itulie. Mguu wa pili, kwa wengi wa kushoto, usisubiri: kila zoezi lirudiwe kwa mguu huo hata kama linatoka vibaya.

Toa maelezo ya sekunde 20 tu, neno moja la kukumbuka kwa kila zoezi, kisha waache wacheze. Katika mazoezi ya dakika 45, angalau 20 ziwe mechi ndogo za watatu kwa watatu, bila kipa. Watoto wa umri huu husonga kwenye mpira kama nyuki, na kuwagombeza "tawanyikeni" hakusaidii, kwa sababu bado hawajaweza kuwaza mpira na nafasi kwa wakati mmoja. Weka magoli mawili madogo kila upande, moja kila kona. Mlango mmoja ukizibwa, mwingine uko wazi, na kugeuka na mpira kunakuwa na faida inayoonekana. Ujerumani imeufanya mfumo wa namna hii kuwa wa lazima kwa wadogo zaidi tangu msimu wa 2024/25: wawili kwa wawili au watatu kwa watatu, magoli manne.

Kichwa kiache kabisa. Shirikisho la soka la Marekani lilitangaza mwaka 2015 kuwazuia watoto wa miaka 10 na chini yake kupiga vichwa, na mwaka 2020 Uingereza ikatoa mwongozo wa kutofundisha vichwa katika mazoezi ya watoto wa shule za msingi. Mpira ukija juu, mfundishe mtoto arudi hatua mbili, auache udunde mara moja, kisha aupokee kwa paja huku akilishusha paja kadiri mpira unavyotua.