"Mathe, si uchukue tu ya waya?"

Ni hilo tu alilosema, na mpaka sasa linanizunguka kichwani. Hakunitusi. Alilisema kwa upole, mkono mmoja mgongoni mwa kiti changu na macho kwenye simu yake, kisha akanitolea mausi ya zamani yenye waya, imejaa vumbi, akaiweka mezani. "Hutasumbuka." Akaenda zake. Kijana wetu wa kompyuta ana adabu, nililisema hapa hata wakati wa ile sakata ya printa, na ndiyo maana nashindwa kumkasirikia vizuri.

Mnakumbuka mausi yangu isiyo na waya ni zawadi ya Kitinda, pesa zake za kwanza. Mwanzoni ilienda sawasawa, kisha ikaanza vituko. Mshale unakwama katikati ya skrini, unapotea, halafu unaibukia kona usiyoitarajia. Na mimi wakati huo niko kwenye mikopo ya wanachama, mwisho wa mwezi! Ukibofya vibaya umemwongezea deni mtu wa watu.

Na nilimweleza vizuri. Nikamwambia, "Asubuhi haikatiki. Inakatika jioni, nikifunga hesabu."

Akacheka kidogo. "Jioni hata wewe umechoka, mathe."

Nimeyarudia hayo nikikaanga vitunguu, nikiwa kanisani, nikiwa kwenye matatu. Jibu la maana lilinijia Donholm, nimeshapita steji yangu. Katikati ya hayo kaka yangu hatimaye amepeleka mahari, bosi mpya ameripoti, na Jumatano tulilala bila stima. Sawa, yote ni mema. Lakini "hata wewe umechoka"?

Haki yake nimpe, alijaribu. Alitoa betri zangu za kuchaji, ambazo ni volti 1.2, akaweka za kawaida za 1.5. Akaingia kwenye mipangilio ya Windows akaondoa ile alama inayoruhusu kompyuta kuikatia USB umeme ili kuokoa chaji. Hata mimi ningeanzia hapo. Jioni ilipofika, mshale ukakwama vilevile, na hapo ndipo dawa ikawa kunionea huruma.

Jumamosi nilibeba laptopu nyumbani. Kitinda hakuniuliza habari za uchovu. Aliuliza, "Jioni unafanya nini ambacho asubuhi hufanyi?"

Jamani. Nikamwambia jioni nahifadhi nakala kwenye diski ya nje.

"Unaichomeka wapi?"

Kando ya kile kidude cha mausi, kipokezi. Matundu mawili yamepakana, ningeichomeka wapi tena? Akacheka mpaka akakaa chini.

Kumbe hii USB 3 ya diski yangu, ile ya mdomo wa buluu, data zikipita kwa kasi hutoa kelele za redio, na kelele hizo hufika kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Mausi nayo huzungumza na kipokezi chake kwenye masafa hayohayo. Bluetooth iko hapo, waifai nyingi ziko hapo, yaani ni msongamano wa soko la Muthurwa saa kumi na mbili jioni. Intel walichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012, Kitinda akanionyesha kwenye simu. Tukachomoa diski, mshale ukateleza. Tukairudisha na kuanza kunakili picha za harusi, ukakwama. Tukahamishia kipokezi upande wa pili wa laptopu, ukapata nafuu bila kupona. Jumatatu nikapitia Luthuli nikanunua waya wa kurefusha USB, shilingi 200 baada ya kuvutana sana na muuzaji, ili kipokezi kikae mezani karibu na mausi, mbali na diski. Tangu hapo, kimya. Nanakili mafaili na mshale unaenda ninakotaka.

Furaha niliyokuwa nayo haikulingana na jambo lenyewe. Niliacha diski imechomekwa mchana kutwa bila sababu, nikimngoja apite. Hotuba nilikuwa nayo tayari, kuanzia mdomo wa buluu hadi gigahezi.

Akapita Jumanne. Akaiangalia mausi yangu, akaiona na ile ya waya pale alipoiacha. Waya wa kurefusha ulikuwa mbele ya macho yake.

"Naona umeizoea sasa, mathe. Safi sana."

Nami nikajibu, "Asante, mwanangu."

Asante ya nini? Hotuba yote ikabaki kooni, naye ameshafika kwa mdada wa mapokezi, ambaye pia mausi yake inakwama na pia ana diski ya nje. Huyo nitamfundisha mimi mwenyewe kesho, na yule asikie.

Nilitaka kuwaeleza na ya bosi mpya, lakini Shosho amepiga simu sasa hivi, ikalia mara moja ikakatika. Nikimpigia naambiwa mteja hapatikani, na jirani yake wa kule Kangema hashiki. Saa hizi huwa ameshalala. Na dawa zake za presha, kwa hesabu zangu, ziliisha jana.