Siku yangu moja na Kito, kasuku wa ami, msimu huu wa kunyonyoka manyoya

Saa 11 alfajiri. Naamka kabla yake, nasali, nateleka chai na mlango wa jikoni naufunga kabisa, maanake mapafu ya ndege hayana mchezo, moshi ambao sisi tunakohoa tu na kuendelea na mambo yetu yeye unaweza kumlaza. Ndo maana humu ndani udi haufukizwi tena, shughuli zote za udi zimehamia kwa mama mkwe, dawa ya mbu ya kuwasha hapana, na zile sufuria za nonstiki nilizigawa zote kwa sababu zikishika moto kupita kiasi zinatoa hewa ambayo wewe huihisi hata kidogo na ndege anakufa kwa dakika chache tu. Kwa mtu wa Mombasa kuacha udi nyumbani kwake si jambo dogo lakini mi nilichagua na sijuti.

Kito ni kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, wale ambao asili yao ni misitu ya Congo na Afrika Magharibi. Alikuwa wa marehemu ami, naye akaniachia mimi pamoja na karatasi zake zote za KWS, wale wa shirika la wanyamapori la Kenya, na hawa ndege wakitunzwa vizuri wanafika miaka 40 na zaidi kwa hivo kurithiwa ni kitu cha kawaida. Niseme hapa hapa mapema, kumfuga bila kibali ni kosa, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku hawa waliokamatwa porini imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, basi mtu akikuletea kinda kwenye boksi usimnunue hata kama roho inakuuma kumuona, ukinunua huyo ataenda kutafutiwa mwengine wa kukaa mahala pake.

Saa 12 asubuhi natoa shuka kwenye tundu. Kabla sijamsalimia naangalia sakafu kwanza. Wiki hizi sakafu imejaa, manyoya madogo ya kifua, yale laini ya ndani, na leo kuna moja refu la bawa la kushoto, nikaliokota nikaliangalia mwishoni pale lilipokuwa limeshika kwenye ngozi, ni safi, kavu, halina damu wala halijatafunwa. Hicho ndo nnachotafuta kila asubuhi. Nyoya lililodondoka lenyewe mwisho wake ni mzima, lililong'olewa au kutafunwa utaliona limekatika au lina alama za mdomo. Na kawaida likidondoka la kushoto na mwenzake wa kulia yuko njiani, wanajipanga hivo ili ndege asishindwe kuruka, akawa anaenda upande. Naangalia na choo chake pia, rangi na maji yake, alafu ndo namwambia sabalkheri.

Anapiga mluzi, anajibu "karibu mgeni", maneno ya ami hayo, sauti ya ami kabisa. Lakini nikisogeza mkono tu mboni ya jicho inakuwa ndogo, kubwa, ndogo, manyoya ya kisogo yanasimama, mkia unafunguka. Hapo ukipeleka kidole umejitakia mwenyewe, ashakwambia. Msimu huu mwili mzima unamwasha, kuna manyoya mapya yanatoboa kila mahali na mengine ndani yana damu, ukiligusa anaumia haswa. Kwa hivo asubuhi situmii mkono, natumia kijiti cha mpera, nakileta chini ya kifua taratibu, "panda", anapanda, tunaenda zetu mezani. Hakuna aliyeumia na siku imeanza vizuri.

Saa 1 ni chakula, na hapa ndo watu wengi wanakosea wakiona ndege ananyonyoka wanakimbilia kuuliza dawa. Nyoya karibu lote ni protini, sasa ndege anayeota manyoya mwili mzima huku unampa alizeti peke yake, ayatengeneze na nini? Leo Kito amepata yai la kuchemsha likaiva kabisa, nimelisaga na ganda lake lililooshwa vizuri kwa sababu hawa wa kijivu wana tatizo la kalisi kushuka kwenye damu, ikishuka sana anatetemeka na kuanguka kifafa. Pembeni mchicha, karoti, boga, ndengu zilizochemshwa zikalainika, na pilipili nyekundu nzima, usimuonee huruma, ndege hausikii ule ukali, anaila na mbegu zake zote. Nadondoshea na mawese kidogo sana, tone tu, kule kwao matunda ya mchikichi ndo chakula chao na ile rangi nyekundu inawapa vitamini A ambayo alizeti haina. Kwenye kibakuli cha pili nampimia peleti zake, zile punje za chakula cha kasuku cha kiwandani. Alizeti inabaki kuwa zawadi, ninayo mfukoni mwa dera, punje moja moja. Parachichi ni sumu kwao, usimpe hata ganda, na chokoleti, kahawa, vitu vya chumvi, vyote vikae mbali.

Saa 2 na nusu kazi. Mi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na tundu la mchana liko kwenye dirisha la wavu upande wa jua la asubuhi, nusu kivuli nusu jua ili achague mwenyewe. Nasema wavu si kioo, maanake kioo kinazuia ile miale inayomsaidia kutengeneza vitamini D na bila hiyo hata umlishe kalisi ya dunia nzima mwili hauitumii. Sindano, pini na nyuzi zote zina kopo lenye kifuniko. Uzi ukimzunguka kidole cha mguu unazuia damu isipite na usipouona mapema kidole kinakufa.

Kitu ambacho sikuambiwa na mtu ni vumbi. Kasuku wa kijivu ana unga wake mweupe wa kawaida kwenye manyoya, sasa msimu huu unaongezeka na yale maganda ya manyoya mapya yanayopukutika, na mimi nashona buibui. Kitambaa cheusi, unga mweupe. Basi buibui zote sasa nakatia chumba cha ndani mlango umefungwa, huku mbele nabaki na madera ya maua na shuka za kitanda, na kila jioni napangusa kwa kitambaa kibichi, sifagii kikavu kikavu nikalirusha lile vumbi hewani tukalivuta sote. Mwenye pumu nyumbani afikirie sana kabla ya kufuga huyu ndege.

Saa 4 alikuja mteja wangu kupimwa dera la harusi, kaja na kijana wake mdogo, na mtoto macho yote kwenye tundu. Kidole kishafika kwenye wavu.

"Shangazi, anauma?"

"Leo anauma, mwanangu. Angalia shingo yake, unaona manyoya yamesimama? Anakwambia nipishe."

"Akiyalaza?"

"Akiyalaza na akiinamisha kichwa, hapo mwite jina lake tu, mkono weka mfukoni."

Akakaa kwenye mkeka pale karibu na dirisha muda wote tunapima, hajagusa kitu, na baadaye akaniambia "shangazi, ameyalaza", kwa sauti ya chini kabisa, yaani nilifurahi. Mama yake akasema kwao walikuwa wakimpiga ndege kofi la mdomo akiuma. Nilimwambia hapana dadangu, kofi linamfundisha kuogopa mkono, na anayeogopa mkono atauma kwa nguvu zaidi mara ijayo na hatakuonya tena. Kumpulizia usoni, kumtingisha, kumnyima chakula, yote ni hivo hivo.

Saa 7 mchana, baada ya Dhuhuri, ni kuoga. Maji ya uvuguvugu, chupa ya kupulizia ambayo haijawahi kutiwa sabuni wala dawa yoyote, napuliza juu yake yamwangukie yenyewe, simlengi usoni. Maji yanalainisha yale maganda na muwasho unapungua, ukimuona anavyofungua mabawa na kutikisa mkia utajua anasikia raha. Mchana ni kwa sababu anatakiwa akauke kabisa kabla jua halijashuka.

Leo wakati namrudisha, ncha ya kanga yangu ikagusa bawa la kushoto pale pale panapoota nyoya jipya, akanigeukia akanibana kidole. Sikupiga kelele, na sikuvuta mkono. Ukivuta ngozi inachanika, na ukipiga kelele ndo umemfurahisha maanake kasuku anapenda sana makelele, kesho atauma tena asikie ule wimbo, na ikikaa kichwani atakuwa anaupiga mwenyewe kutwa nzima. Nilishusha mkono polepole mpaka mezani, akaachia, akashuka, nikageuka upande mwengine nikahesabu kimya kimya kidogo, alafu nikarudi na kijiti, "panda", akapanda, punje ya alizeti. Imeisha. Hakuna kinyongo, na yeye hajajifunza kwamba kuuma kunamfukuza fundi. Kidole kilikuwa na alama tu, nikakiosha kwa sabuni.

Nikaliangalia lile nyoya kwa mbali, halijavunjika. Manyoya ya damu ndo ya kuogopwa, likivunjika linatoka damu na ndege ni mdogo, damu anayoweza kupoteza ni kidogo. Kwenye kabati kuna kornflawa, pamba za kitambaa safi na taulo dogo, unamfunga na taulo bila kumbana kifua kwa sababu anapumua kwa kifua kupanda na kushuka, unabandika kornflawa na kukandamiza pale, na damu isiposimama kwa dakika chache ni kwa daktari wa mifugo moja kwa moja, usiling'oe mwenyewe. Na hii ndo sababu sikubali kukata mabawa msimu huu hata kidogo, watu wananishauri sana. Nyoya jipya linaota likikingwa na wenzake wa pembeni, ukishawakata hao linabaki peke yake wazi, akijigonga tu ni damu.

Saa 9 analala na mimi nashona. Analala zaidi siku hizi, mwili unafanya kazi, mwacheni. Akiamka nampa majani ya mnazi, vipande vya boksi lisilo na rangi wala gundi, kifuu, achane anavyotaka. Mdomo wenye kazi hauna muda wa vidole vyangu.

Saa 11 jioni ndo wakati wetu. Ndege anaweza kujitengeneza mwili mzima isipokuwa kichwa na shingo, hapafiki, na porini mwenzake ndo anayemsaidia. Hapa mwenzake ni mimi. Naangalia shingo kwanza, imelala, kichwa kimeinama, jicho nusu limefumba, basi nasogeza kidole. Juu ya kichwa kumejaa vijiti vidogo vigumu kama ncha za kalamu ya risasi, hayo ni manyoya mapya bado yako kwenye maganda yao. Yale ambayo bado rangi ya buluu au nyeusi chini yana damu, siyagusi. Lile ambalo ganda limeshakuwa jeupe na kavu nalishika kati ya kidole gumba na cha shahada, nalisugua taratibu, ganda linavunjika linakuwa unga, na nyoya la kijivu lenye ukingo mweupe linafunguka hapo hapo. Moja, lengine, lengine. Nikikosea nikashika ambalo halijaiva anatoa mlio mfupi na namuachia mara moja. Mgongo na chini ya mabawa sipapasi, huko kwao ni mambo ya mume na mke, anashikwa na wivu alafu anaanza kuuma kila mtu mwengine wa nyumba.

Hilo tumeshaliona na mume wangu, Kito alikuwa hamtaki karibu na mimi. Sasa kila akirudi kazini, kabla hata hajavua viatu, yeye ndo anampa korosho isiyo na chumvi, anaitia kibakulini na kuondoka, haombi kitu. Karanga za sokoni tunaziepuka kwa ajili ya kuvu, inaharibu ini. Leo Kito alipiga mluzi aliposikia pikipiki yake ikifika mlangoni, na mume wangu akasimama pale na kofia mkononi akicheka.

Saa 1 kasorobo usiku nafunika tundu. Anahitaji saa 11 mpaka 12 za kulala kwenye giza na utulivu, asipolala ndo hasira inakuja kesho, kwa hivo televisheni imehamia chumba cha pili na wageni wa usiku tunakaa nao barazani.

Saa 3 naoshaosha vyombo, jirani wa nyuma akanitumia picha ya kasuku wake, ananiuliza na huyu pia ananyonyoka tu kama wako, dada? Kifua chote kiko wazi, ngozi inaonekana, lakini kichwa kimejaa manyoya mazuri. Nikampigia hapo hapo. Kunyonyoka kwa kawaida hakuachi ngozi wazi, manyoya yanatoka huku mengine yanaota, na kichwa kikiwa kizima mwili ukiwa uchi basi anajing'oa mwenyewe, maana kichwa na shingo ndo mahala mdomo wake haufiki. Inaweza kuwa ugonjwa, wadudu, chakula, upweke, mi siwezi kujua kwa picha. Nimemwambia asimpake mafuta yoyote, achukue choo cha asubuhi kwenye karatasi safi, na kesho saa 3 asubuhi tutaenda naye kwa daktari, teksi tutachanga.