Reli Iliyobaki Yamaga

Kutoka Kumamoto mjini, kusini mwa Japani, hadi mji wa Yamaga ni kama kilomita 34 kwa njia ya baiskeli, na nilijidanganya kwamba saa mbili zingetosha. Baiskeli nilikuwa nimeiazima kwa jirani, ile ya kikapu mbele ya kwendea sokoni. Kufika karibu na Ueki, cheni ikatoka. Nikairudisha kwa vidole, nikaendelea na mikono myeusi kama fundi wa gereji.

Sehemu ya njia hii ilikuwa reli. Ndiyo maana haina kona kali: inapinda taratibu, na mlima unaupanda bila kujua hadi mapaja yakushitakie. Treni ya Yamaga ilipigwa na mafuriko mwaka 1957, na mwaka 1965 ikafungwa moja kwa moja. Nilitazama huku na huku nikitafuta angalau kipande cha chuma. Wapi! Ni lami, mashamba ya mpunga, na wazee wanaonyoosha miguu.

Nilikuwa naenda Yachiyoza, ukumbi wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, uliojengwa Yamaga mwaka 1910 na wafanyabiashara wa mji huo. Mlangoni unavua viatu, na hapo soksi yangu ikaniumbua: kidole gumba chote nje. Mama wa tiketi aliona, akajifanya hakuona, kisha akaniletea kitambaa kibichi cha kufutia mikono.

Ndani hakuna viti. Watu hukaa chini, ndani ya vyumba vya mraba vilivyogawanywa kwa mbao, na jukwaa lina mkono mrefu, hanamichi, yaani njia ya maua, unaowapitisha waigizaji katikati ya watazamaji. Lakini macho yangu yaliganda darini. Dari yote ni matangazo ya maduka ya zamani, yamechorwa kwa rangi kali, kila moja na mraba wake. Nikakumbuka kuta za maduka ya kwetu.

Mzee anayetembeza wageni akanishusha chini ya jukwaa. Pale panaitwa naraku, maana yake jehanamu. Ni kuta za mawe na ubaridi wa udongo. Humo wanaume walilisukuma jukwaa lizunguke huku juu mchezo ukiendelea. Mzee akamulika tochi chini.

"Reli hizi ni za kampuni ya Krupp, ya Ujerumani."

Nikachuchumaa, nikazigusa. Kumbe reli ya Yamaga ilikuwa huku, inazunguka mahali pamoja.

Mzee akanieleza jinsi sinema na televisheni zilivyowanyang'anya watazamaji, paa likavuja, hadi wazee wa mji wakachangisha fedha za vigae. Mwaka 1988 ukumbi ukawa urithi wa taifa. Ukarabati mkubwa ulimalizika mwaka 2001.

"Na wewe unarudije?"

"Kwa baiskeli, mzee."

Akaitazama ile soksi, akacheka waziwazi. "Basi kaloweke miguu kwanza."

Yamaga ina chemchemi za maji moto. Saa kumi jioni nilikuwa nimekaa, suruali imekunjwa magotini, soksi mfukoni, cheni bado sijaikaza.